Paa Likivuja Mji wa Kale, Nani Alipe?

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zilijengwa kwa jamaa mmoja: chini duka au ghala, juu makazi, na roshani ya mbao ikitazama barabara. Leo nyumba kama hiyo huenda ina familia nne. Mmoja amerithi ghorofa ya juu, mwingine amenunua ya kati, na chini kuna wapangaji. Mvua za masika zikianza na paa likavuja, wa chini husema paa si lake, naye wa juu husema hana uwezo wa kulitengeneza peke yake. Wakiendelea kubishana, ukuta unakunywa maji.

Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa majengo kwa sehemu inatoa jibu kwa jengo lililosajiliwa chini yake. Kila mwenye fleti hupata hati yake mwenyewe. Paa, ngazi, msingi, kuta za nje na chochote kisichooneshwa kwenye ramani kuwa ndani ya fleti ni mali ya wote kwa pamoja. Wenye fleti wote ni wanachama wa shirika la jengo, wapende wasipende, na shirika hilo ndilo linalokusanya michango ya ukarabati kwa kadiri ya hisa ya kila mmoja. Asiyechanga anaweza kudaiwa kama mdeni mwingine yeyote. Mzozo ukizuka, shirika lina kamati ya ndani ya usuluhishi.

Lakini nyumba nyingi za zamani hazijasajiliwa hivyo. Mombasa pia kuna desturi ya nyumba kuwa ya mtu mmoja na ardhi kuwa ya mwingine; hapo hati za fleti hazitapatikana kabla suala la ardhi kumalizwa. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kwa muda mrefu, muda uliobaki usipungue miaka 21. Wakati huo wote, maandishi mafupi kati ya warithi, yenye sahihi za wote, yanayosema nani anachanga kiasi gani, ni bora kuliko ahadi za mdomo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wanalikosea. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo dari zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ukipiga plasta ya saruji juu yake, ukuta utapendeza kwa muda, lakini unyevu utafungwa ndani. Chumvi hubanjua uso wa ukuta, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila mtu kuona. Dari ikianguka, haianguki kwa mwenye saruji pekee. Ongeza juu yake tangi la maji: lita 1,000 ni tani nzima, juu ya boriti ambazo hazikuwekwa kwa mzigo huo.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kuanzia Ndia Kuu (ndia, kwa Kimvita, ni njia) hadi vichochoro vya Kibokoni. Kwa hiyo kuongeza ghorofa, kubomoa roshani au kubadilisha mlango wa nakshi kunahitaji idhini ya ujenzi ya kaunti pamoja na ushauri wa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Wako wanaoona huu ni usumbufu, na kweli hatua ni mbili badala ya moja. Ila ofisi hiyo ndiyo yenye kuwajua mafundi wa chokaa, na kuuliza kabla ya kununua saruji kutakuokolea gharama.

Kwa anayetaka kununua ghorofa hapa, mambo mawili ayatazame kabla ya kutoa pesa: hati inataja fleti yenyewe au nyumba nzima, na ncha za boriti za dari ya juu zikoje. La pili apande mwenyewe, na tochi mkononi.