Usinunue Jiko Ukausahau Mkaa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mashine ambayo imejaa katika kila mtaa wa Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, lakini wanaoifahamu vizuri kabla ya kuitolea fedha ni wachache. Nayo ni printa. Swali lenyewe ni hili: mfanyabiashara mdogo anunue printa ya leza au printa ya wino?

Naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alifungua duka la steshenari jirani na shule ya msingi. Fedha alizipata kwa mkopo wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na marejesho yalikuwa ya kila juma. Kwa kuwa mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni ya kushinda mbele ya kompyuta, nilionekana ndiye mtaalamu wa ukoo. Nikaenda naye dukani, nikaona printa ndogo ya wino, tena ya rangi, ambayo bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Nikamwambia, "Chukua hii, shemeji. Wanaonunua zile kubwa wanatupa fedha bure."

Hazikupita siku arobaini akanipigia simu. "Shemeji," alisema, "hii mashine uliyonichagulia inakula kuliko mimi na wanangu."

Alikuwa na haki. Nilimchagulia jiko bila kuuliza bei ya mkaa.

Tuanze na namna mashine hizi zinavyofanya kazi, maana humo ndimo gharama zilimojificha. Printa ya wino hutumia wino wa majimaji. Ndani yake mna kichwa chenye tundu nyingi, nyembamba kuliko unywele, na wino hurushwa karatasini matone madogo madogo. Kampuni ya Canon ya Japani husimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wao aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha kulehemia chenye moto kwenye sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka. Ndipo wakapata wazo la kuurusha wino kwa joto. Kampuni nyingine hutumia kipande kidogo kinachojikunja umeme unapopita, kikausukuma wino nje.

Printa ya leza haina wino wa maji kabisa. Hutumia unga mkavu, ule mafundi wanaouita tona. Nadhani umewahi kukisugua kitana cha plastiki kwenye nywele kavu, kisha ukakisogeza kwenye vipande vya karatasi vikarukia. Ule ni umeme tuli, na ndio unaofanya kazi hapa. Mwanga wa leza huandika maneno juu ya dramu yenye umeme huo, unga ukanata palipoandikwa, ukahamia kwenye karatasi, kisha karatasi ikapita kwenye joto kali linaloyeyusha unga na kuugandisha. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na uvuguvugu. Asili ya ufundi huu ni fotokopi, ambayo Mmarekani Chester Carlson aliifanyia jaribio lake la kwanza lililofaulu mwaka 1938 huko Astoria, New York. Printa ya leza ya kampuni ya HP, iliyotoka mwaka 1984, iliuzwa dola 3,495. Siku hizi iko ndani ya uwezo wa duka la mtaani.

Sasa tushike kalamu na karatasi. Bei nitakazotaja ni za mfano, ili hesabu ieleweke. Ukienda dukani weka bei za siku hiyo. Idadi ya kurasa, hata hivyo, si ya kubuni. Kwenye boksi la wino au la tona huandikwa inatoa kurasa ngapi, kwa kipimo cha ukurasa wa maandishi ya kawaida ambao sehemu kubwa ni nyeupe. Ukichapisha picha, idadi hiyo itapungua sana.

Printa ya shemeji yangu ilitumia katriji ndogo nyeusi yenye kurasa 120. Tuseme iliuzwa shilingi 35,000. Gawa, utapata karibu shilingi 292 kwa ukurasa. Shemeji alikuwa akiwatoza wateja shilingi 200. Kwa siku alichapisha kurasa 40, yaani 240 kwa juma la siku sita. Mapato yake yalikuwa shilingi 48,000, na katriji mbili zilimla shilingi 70,000. Rimu ya karatasi 500 tukiihesabu kwa shilingi 14,000, ongeza shilingi 28 kwa kila karatasi. Kumbe kila juma alipoteza zaidi ya shilingi 28,000, na kadiri wateja walivyoongezeka ndivyo alivyozidi kupoteza! Na marejesho ya kikundi yalikuwa yakimsubiri vilevile.

Tuiangalie leza. Tona ya printa ndogo ya leza, moja ya zile zilizoenea sana mjini, hutoa kurasa 1,600. Tuseme ile halisi ya kampuni ni shilingi 180,000. Hiyo ni karibu shilingi 113 kwa ukurasa. Tona mbadala tukiihesabu kwa shilingi 40,000, ukurasa unakuwa shilingi 25. Lakini tahadhari: tona mbadala mbovu humwaga unga ndani ya mashine na kuharibu dramu, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayemrudia akakusikiliza. Tena, tona inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi huwa na unga pungufu. Usishangae ikiisha mapema.

Ipo na aina ya tatu, nayo ni printa ya wino yenye matangi. Kampuni ya Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, kisha zikasambaa duniani. Hapa hununui katriji, unamimina wino kutoka kwenye chupa. Chupa nyeusi ya mililita 65 ya mojawapo ya printa hizo hutoa kurasa 4,500. Hata kama chupa ingekuwa shilingi 30,000, wino wa ukurasa mmoja haufiki shilingi 7. Mashine yenyewe ndiyo ghali kidogo unapoinunua.

Utaniuliza: kama ni hivyo, leza ya nini tena? Naam, hapo ndipo penye mambo ambayo hayaandikwi kwenye kibandiko cha bei.

La kwanza ni kukauka. Wino wa maji ukikaa bila kutumika, hukauka ndani ya zile tundu nyembamba. Mashine huanza kujisafisha, na kujisafisha huko hutumia wino ule ule ulioulipia. Unga wa leza hauna cha kukauka. Mashine inaweza kulala mwezi mzima, ukaiwasha ikachapa. Mwenye printa ya wino achapishe japo ukurasa mmoja wenye rangi zote kila juma.

La pili ni kasi. Leza ndogo hutoa kurasa 18 na zaidi kwa dakika moja. Ya matangi, ya bei ya kawaida, hutoa kama 10 nyeusi, na za rangi pungufu ya hapo. Mwalimu akija saa kumi na moja jioni na mtihani wa kesho, tofauti hiyo utaiona.

La tatu ni maji. Wino wa kawaida hupakaza ukilowa, hasa zile rangi. Maandishi ya leza yameyeyushiwa karatasini, hayatoki kwa tone la mvua.

La nne ni umeme, na hapa leza inashindwa. Lile joto la kuyeyusha unga hutaka umeme mwingi, mamia ya wati wakati wa kuchapa, ilhali printa ndogo ya wino hutumia chini ya wati 30. Umeme ukikatika, ya wino itaendelea kwa betri na inveta ndogo. Leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, utaiua.

La tano ni picha. Leza ya bei nafuu huchapa nyeusi tu. Mtu wa picha za pasipoti, kadi za harusi au vipeperushi vya rangi asiisogelee. Yeye mahali pake ni kwenye wino, na hasa wa matangi.

Baada ya simu ile nilitaka kumchagulia tena. Alikataa, na alifanya vyema. Alichukua daftari, akaandika kwa majuma mawili kila alichochapisha: kurasa ngapi, nyeusi au za rangi, saa ngapi. Daftari likamwonyesha kwamba karibu kazi zote zilikuwa za maandishi meusi, mitihani na barua za kuomba kazi. Kwamba walimu huja kwa pamoja na kwa haraka. Na kwamba shule ikifunga, mashine itakaa kimya majuma kadhaa. Akanunua leza iliyokwisha kutumika, kwa fundi anayemfahamu. Kazi za rangi humpelekea jirani mwenye ya matangi, wakagawana. Mkopo ulichelewa miezi miwili, lakini aliumaliza. Ile ndogo niliyomchagulia mimi iko chini ya meza, na kila nikienda hunionyesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kufungua steshenari, ofisi ya uwakili au duka la dawa, anza na daftari. Jua unachapisha nini, kiasi gani, mara ngapi na kwa umeme upi. Ukifika dukani, kabla hujauliza bei ya printa, uliza bei ya tona au wino wake na kurasa zinazotoka, ugawe papo hapo kwa simu yako. Muuzaji asiyejua kukujibu, mshukuru, uende duka la pili. Na ukiwa na shemeji mwenye stashahada, mpeleke akubebee boksi tu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.