Karamu ya Krismasi Zagayu: Anzia Saa ya Kula

Krismasi katika vijiji vya Zagayu, mkoani Simiyu, huja wakati wa kilimo. Mvua zimeanza, udongo mweusi wa mbuga unanasa magurudumu, kuni zimelowa, na ghala lililojaa tangu mavuno limeanza kupungua. Anayetaka kuwakaribisha marafiki wanane siku hiyo, tena bila friji, hana budi kupanga kwa kuifuata hali hiyo.

Amua kwanza saa ya kula, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme mnakula saa nane mchana. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa huhitaji saa moja na nusu hadi mbili motoni. Kumchinja, kumnyonyoa kwa maji ya moto, kumbabua vinyweleo na kumkatakata huchukua karibu saa nzima. Basi kazi ianze saa nne asubuhi, ili ibaki saa moja ya dharura. Kama nyumba nzima inakwenda ibadani, sogeza mlo hadi saa kumi na uwaambie wageni mapema. Wengi hukwepa hesabu hii kwa kuchinja usiku wa mkesha na kuiacha nyama kwenye beseni hadi asubuhi. Sikubaliani nao hata kidogo. Bakteria huongezeka upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na usiku wa Desemba huku Usukumani uko ndani kabisa ya kiwango hicho. Kama kati ya marafiki yupo Mwislamu, mwombe afike mapema achinje yeye, ili wote mle sahani moja bila wasiwasi.

Aina za chakula ziwe chache. Pilau, kuku, mboga za majani na bakuli la michembe vinatosha, na mwenyeji atapata nafasi ya kukaa na watu wake badala ya kushinda jikoni. Kilo moja ya mchele inawatosha watu wazima saba au wanane ikiwa kuna kitoweo cha kutosha. Kuku wakubwa wawili wanawatosha hao wanane. Kuni zianikwe siku mbili kabla na kulazwa ndani, kwa sababu moto wa kuni mbichi huharibu ratiba yote. Pilau inapokaribia kukauka, ondoa kuni, bakiza makaa machache mafigani, na mengine yapalie juu ya mfuniko. Usifunuefunue. Wali unaiva kwa moto huo, chini na juu, bila kuungua.

Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, ndiyo mlo wa heshima wa kwetu kwa msimu huu, kwa kuwa viazi vibichi ni adimu. Huoshwa vizuri na kuchemshwa hadi ilainike, kisha karanga zilizotwangwa zinaongezwa. Hapo kwenye karanga naomba uangalifu. Zimwage kwenye ungo, mchana kweupe, uondoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi, chakula cha kila siku.

Marafiki wa karibu wasione aibu kugawana mzigo. Mmoja alete sukari na majani ya chai, mwingine mkaa, mwingine mkeka na sahani. Waulize pia kuhusu afya zao: mwenye shinikizo la damu atengewe mchuzi kabla chumvi haijaongezwa.

Lililobaki ni makombo. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuliwa au kuwekwa kwenye moto. Mchuzi uliobaki urudishwe jikoni uchemke kabisa, na uliwe jioni hiyohiyo. Pilau iliyobaki wape majirani ikiwa bado ya moto. Iliyolala sufuriani hadi asubuhi usiwape watoto, hata ukiipasha vipi, maana bakteria wa wali huacha sumu ambayo haiharibiki kwa kuchemshwa.