Uwanja ukishafungwa: kazi ya pili ya wachezaji wa kriketi



Juma lililopita nilikuwa nangoja moto ya kunifikisha nyumbani. Motari mmoja akasimama. Aliponitazama vizuri akashusha kioo cha kaske, akaniuliza naenda wapi kwa sauti ya kubadilisha. Nilimjua palepale. Tulisoma naye inivesite, na siku ya kutetea TFC, yake njo ilipata alama nyingi kupita zetu zote. Njia nzima hakuna aliyesema kitu. Nilipomlipa akasema polepole: "Ndugu yangu, usiambie wale wengine."

Jina lake sitalitaja, wala mji. Lakini neno hilo limebaki kichwani mwangu. Njo maana leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaoonekana wako mbali na sisi kabisa: wachezaji wa kriketi wa kulipwa, na kazi walizofanya baada ya kuacha uwanja. Mwishoni mtaniambia kama ni mbali kweli.

Kriketi kwetu haijulikani sana. Wale wa Kivu huenda mliwaona askari wa MONUSCO kutoka India na Pakistan wakiicheza kambini. Ni timu mbili za watu 11. Mmoja anarusha mpira mgumu, mwingine anaupiga na ubao, kisha anakimbia kutafuta alama. Mechi ndefu za nchi kwa nchi, zile wanaziita Test, zinaweza kuchukua siku 5. Huko India, Pakistan, Uingereza, Australia, Zimbabwe na visiwa vya Karibi, mchezaji mkubwa wa kriketi anajulikana kama sisi tunavyomjua mchezaji wa TP Mazembe.

Sasa tatizo. Mrushaji wa mpira mwenye kasi akifika miaka 35, mgongo na magoti vinaanza kumkatalia. Mpigaji anaweza kusukuma mpaka 38, pengine 40. Mtu huyo bado ana miaka 25 au 30 ya kufanya kazi, ana watoto wa kusomesha, na kitu anachojua vizuri kuliko vyote hakuna tena mtu wa kumlipia. Na tusidanganyike na wale wa televisheni. Franga nyingi za ligi ya India zilianza mwaka 2008, na zinaenda kwa wachache. Walio wengi wanastaafu na mshahara wa kawaida tu.

Zamani Uingereza kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Timu za majimbo zilikuwa zinalipa wachezaji wao kwa msimu wa joto tu, kutoka mwezi wa nne mpaka wa tisa. Baridi ikifika, kila mtu ajitafutie. Wengine waliuza duka, wengine walijenga, wengine walifundisha shule. Walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini bila kupanga, baridi ile iliwafundisha kazi ya pili. Siku hizi wengi wana mkataba wa mwaka mzima. Ni vizuri, lakini kijana anatoka shule na miaka 18, anaingia timu, na anatoka humo na miaka 34 bila kuwahi kufanya kazi ingine hata siku moja. Juu ya hiyo, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1967, leo kina watu ambao kazi yao ni kukaa na wachezaji na kuwauliza: utasoma nini, utafanya nini kesho?

Tuone sasa watu wenyewe.

Wa kwanza ni Joginder Sharma wa India. Tarehe 24 Septemba 2007, Johannesburg, ilikuwa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia la kriketi fupi, India na Pakistan. Mipira 6 ilikuwa imebaki, Pakistan ilihitaji alama 13, na kepteni akampa mpira Joginder, kijana ambaye wengi hawakumjua. Mpira wake mmoja ulipigwa ukatoka nje ya uwanja kabisa. Uliofuata, mpigaji wa mwisho wa Pakistan alikamatwa. India ikashinda kwa alama 5. Je, mnajua? Ile njo ilikuwa mechi yake ya mwisho kwa timu ya taifa. Hakuitwa tena. Lakini jimbo lake la Haryana lilimpa kazi ya ofisa wa polisi, naye hakuidharau. Aliendelea kucheza katika jimbo huku akijifunza kazi ile. Mwaka 2020, wakati wa Corona, picha zake zilizunguka dunia: amevaa sare na maski, yuko barabarani anarudisha watu nyumbani.

Wa pili ni Jack Russell wa Uingereza. Huyu alikuwa mlinda wiketi, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kama golikipa, na alicheza mechi 54 za Test. Mvua ikinyesha, kriketi inasimama, na Uingereza mvua haikosi. Wenzake walikuwa wanacheza karata ao kulala. Yeye akanunua karatasi na kalamu, akaanza kuchora. Wengine walimcheka. Alipoacha kucheza mwaka 2004, tayari alikuwa mchoraji anayejulikana, mwenye nyumba yake ya kuuzia picha. Kwake kustaafu kulikuwa kuhama chumba tu, nyumba ni ileile.

Wa tatu yuko karibu na sisi: Aasif Karim wa Kenya. Huyu aliishi na kazi ya bima, na kriketi aliichezea pembeni, juu Kenya haikuwa na franga za kulipa mtu mwaka mzima. Alikuwa ameshaacha, wakamwita tena kwa Kombe la Dunia la mwaka 2003, na miaka yake 39. Siku ile Durban, mbele ya Australia iliyokuwa inatisha dunia nzima, aliangusha wapigaji 3 na kutoa alama 7 tu, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Australia ilishinda, lakini mpaka leo wapenzi wa kriketi wanakumbuka siku ile ya mtu wa bima. Kombe lilipokwisha, akarudi kwenye bima yake. Hakuna aliyemsikitikia, juu hakuna kitu alichokuwa amepoteza.

Wa nne hakupewa nafasi ya kujipanga. Henry Olonga alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchezea Zimbabwe, mwaka 1995. Tarehe 10 Februari 2003, Harare, yeye na Andy Flower waliingia uwanjani na kitambaa cheusi mkononi, wakasema wazi kwamba wanaomboleza kifo cha demokrasia katika nchi yao. Alikuwa na miaka 26. Vitisho vikaja, akakimbilia Uingereza, na kazi yake ya kriketi ya kimataifa ikaishia pale. Alikuwa amebaki na nini? Sauti. Alipenda kuimba tangu shuleni, na hakuwahi kuacha. Ule wimbo wa pembeni ukawa mkate. Baadaye alihamia Australia, na mwaka 2019 alisimama kuimba katika shindano la The Voice, mbele ya watu ambao wengi hawakujua kama aliwahi kushika mpira. Sisi wa nchi ambamo mtu anaweza kulala na kazi na kuamka mkimbizi, hadithi hiyo hatuhitaji kufasiriwa.

Imran Khan karibu wote mmesikia jina lake. Alikuwa kepteni wa Pakistan iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 1992. Mama yake alikufa na kansa mwaka 1985, na Imran akaanza kukusanya michango ya kujenga hospitali ya kansa akingali mchezaji, akitumia jina lake likiwa bado na moto. Hospitali hiyo ilifunguliwa Lahore mwaka 1994. Siasa ilifuata: chama mwaka 1996, Waziri Mkuu mwaka 2018, akaondolewa na bunge mwaka 2022, akafungwa mwaka 2023. Juu ya siasa yake watu wanabishana na wataendelea. Hospitali inaendelea kupokea wagonjwa.

Sasa upande mwingine, juu nisipousema nitakuwa nimewadanganya.

Chris Lewis alizaliwa Guyana, akachezea Uingereza mechi 32 za Test. Kipaji alikuwa nacho, sura nayo, na magazeti yalimpenda. Mwaka 2008, na miaka 40, alijaribu kurudi uwanjani. Mwili ukakataa. Mwezi wa 12 mwaka uleule alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick na kokeini iliyofichwa ndani ya mikebe ya maji ya matunda. Alihukumiwa miaka 13, akatoka mwaka 2015. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba aliogopa kesho: kriketi ilikuwa imekwisha na hakuona atakula nini. Woga hauondoi kosa, na yeye hasemi kwamba unaliondoa. Alipotoka aliongea na wachezaji vijana ili wasipite njia ile.

Chris Cairns wa New Zealand naye njo somo lingine. Mwaka 2000, hapa Nairobi, alipiga alama 102 bila kuangushwa, akaipa nchi yake kombe la kimataifa mbele ya India. Baada ya kuacha, aliingia katika kesi ndefu juu ya mashtaka ya kupanga matokeo, ambayo aliyakataa siku zote. London mwaka 2015 mahakama ilimwona hana hatia. Lakini katikati ya kesi franga zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2014 dunia ilisikia kwamba anaosha vituo vya basi mjini Auckland, analipwa kwa saa. Magazeti yaliandika kama msiba. Mimi naona hivi: alikuwa na familia ya kulisha, akachukua ndoo na brashi. Msiba ulikuwa wapi? Ukilinganisha na mikebe ya Gatwick, ndoo ile ilikuwa heshima.

Na wa mwisho, ninayempenda kupita wote, ni Ewen Chatfield, wa New Zealand pia. Mwaka 1975, siku ya mechi yake ya kwanza ya Test, mpira ulimpiga kichwani, moyo ukasimama. Fizioterapista wa timu ya Uingereza njo alikimbia akamrudisha. Chatfield alirudi kucheza, akamaliza na mechi 43 za Test. Kisha akawa dereva wa taksi mjini Wellington. Hakuficha uso. Kila mwisho wa juma aliendelea kucheza na timu ndogo ya mtaani, mpaka akaacha mwaka 2019 na miaka 68. Mtu huyo hakuwa ameshuka. Alikuwa dereva wa taksi aliyejua kurusha mpira, kama vile zamani alikuwa mrushaji aliyejua kwamba siku moja itabidi kufanya kitu kingine.

Nini tunajifunza hapa? Mimi naona mambo mawili.

La kwanza: kazi ya pili haianzi siku ile ya kwanza inakwisha. Russell alianza siku ya mvua. Karim alikuwa nayo muda wote. Olonga aliimba bila kujua kwamba sauti itamwokoa. Lewis alifika mlangoni mikono mitupu. Sisi pia, tukiwa bado tunafundisha, ao tuko na mkataba wa ONG wa miezi 6, tujiulize: mvua ikinyesha, mkono wangu unafanya nini? Mkataba wa ONG nao uko na msimu wake wa baridi.

La pili: aibu haitoki kwenye kazi, inatoka kwenye macho ya watazamaji. Wale waliomcheka Cairns hawakumpa hata franga moja ya chakula cha watoto. Na hapa tuseme ukweli kati yetu. Yule ndugu alishusha kioo cha kaske juu ya nani? Si juu ya wapita njia, hao hawamjui. Ni juu yetu sisi, watu wa association, wenye kuulizana kila tukikutana: "Siku hizi uko wapi?", na mtu akijibu "niko kwa moto", tunanyamaza kama tumeambiwa juu ya matanga.

Hakuna shomeri kati ya wanaoamka saa kumi na moja kutafuta chakula cha nyumbani. Diplome yake haikufutika. Ile TFC bado iko maktaba, na alama bado ni kubwa kupita yangu.

Mkutano wetu ujao nitamwita kwa simu aje. Akija, naomba kitu kimoja kwenu: mumuulize habari za moto kama munavyomuuliza mwingine habari za ofisi.