Ufundi wa Kulinda Kompyuta za Wingu

Neno wingu, katika lugha ya wahandisi wa kompyuta, halina uhusiano wowote na mvua. Limetokana na mazoea ya wachoraji wa mitandao, ambao walichora wingu mahali popote ambapo sehemu za ndani za mtandao hazikuhitaji kuonyeshwa. Kompyuta zenyewe zi ardhini, katika majengo makubwa yatumiayo umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto. Mteja hukodi sehemu yake kama mfanyabiashara akodivyo chumba katika ghala, akalipa kadiri ya matumizi yake. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data kwa njia hii mwezi Machi 2006, na nguvu za kukokotoa mwezi Agosti mwaka huo huo.

Yafaa ieleweke mapema kwamba kukodi hakumwondolei mpangaji wajibu. Mwenye ghala hulinda kuta, paa na umeme. Funguo za chumba huzishika mpangaji mwenyewe. Hapo ndipo ilipo kazi ya mhandisi wa usalama wa wingu, na tukio lililoipata benki ya Capital One ya Marekani mwaka 2019 laonyesha vema ni elimu gani inayotakiwa.

Benki hiyo ilikuwa imeweka data zake katika kompyuta za Amazon. Mwezi Machi mwaka huo mtu mmoja wa nje alinakili habari za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Hakuvunja ukuta wowote. Mbele ya mitambo ya benki palikuwa na programu ya kinga, ambayo kazi yake ni kuchuja maombi yatokayo nje. Programu hiyo ilipangwa vibaya, hata ikawa tayari kulipeleka ombi la mgeni ndani kana kwamba ni ombi lake yenyewe. Sasa, kompyuta ya kukodi ya Amazon hupata majibu ya maswali juu yake yenyewe katika anwani 169.254.169.254, ambayo haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Kwa anwani hiyo kompyuta huweza kupewa hata hati za muda za utambulisho. Mgeni alimtuma bawabu akaulize. Bawabu akauliza, akapewa hati, akazitoa nje.

Hata hapo hasara ingaliweza kuwa ndogo, lau bawabu asingalikuwa na idhini kubwa kuliko kazi yake. Hati zile ziliweza kutoa orodha ya makasha ya data yaliyozidi 700. Data zilikuwa zimefumbwa kwa usimbaji, lakini mlango uliotumika ulitosha kuzifumbua pia. Benki ilipata habari tarehe 17 Julai 2019, tena kwa barua ya mtu asiye mfanyakazi wake. Rekodi za mashine zilipochunguzwa, nyayo zilikutwa humo. Mwezi Agosti 2020 wasimamizi wa mabenki wa Marekani waliitoza benki faini ya dola milioni 80.

Mwalimu wa hisabati aweza kulitumia tukio hili darasani. Anwani ile ina namba nne, na kila moja haizidi 255, kwa kuwa huandikwa kwa tarakimu nane za 0 na 1, na 2 ikizidishwa yenyewe mara nane hutoa 256. Asiyeweza hesabu hii hawezi kugawanya mtandao katika sehemu, wala kusema ni mashine ipi iruhusiwe kuongea na ipi. Juu ya hesabu hiyo huja itifaki, yaani taratibu za mazungumzo baina ya kompyuta. Mfumo wa Linux, ambao huendesha sehemu kubwa ya mitambo hii. Na uandikaji wa programu, kwa lugha kama Python, ili kazi ya mashine elfu isifanywe kwa mkono. Kuhusu idhini, kanuni ni fupi na utekelezaji wake ni mgumu: kila mtu na kila programu ipewe kile tu inachokihitaji.

Uzoefu ni jambo jingine, na vyeti, ambavyo siku hizi huuzwa kwa wingi, haviwezi kushika nafasi yake. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data zipatazo gigabaiti 300, akidhani yumo katika kompyuta nyingine. Nakala za akiba zilizotegemewa hazikuwapo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata, na barua za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichosaidia ni nakala ya saa sita nyuma, iliyofanywa kwa kusudi jingine kabisa. Kampuni ilichapisha maelezo yote bila kuficha, na ni usomaji mzuri kuliko vitabu vingi vya fani hii. Mwenye uzoefu haulizi kama nakala zipo, hujaribu kuzirejesha.

Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi. Kompyuta kuukuu ya maabara ya shule, ikiwekewa Linux ambayo hupatikana bure, yatosha kuwa seva. Wanafunzi waweke kurasa za shule ndani yake, wazifute, wazirudishe. Kisha wasome rekodi na kueleza nani aliingia na saa ngapi. Lakini majaribio ya kuvunja kinga yafanywe katika mashine yao wenyewe tu. Kuingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa ni kosa kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018, na yule aliyeingia katika hifadhi ya Capital One alitiwa hatiani na mahakama ya Seattle mwezi Juni 2022.