Kuogelea Masafa: Ufundi, Pumzi na Raha ya Mazoezi

Wahenga walisema kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wapo wengi, hata hivyo, ambao huyavulia nguo, wakaogelea urefu mmoja wa kidimbwi, kisha wakashikilia ukingo wakihema kama waliofukuzwa na simba. Aghalabu watu hao huamini kwamba hawana mapafu ya kutosha, au kwamba kuogelea ni kipaji cha wachache. Imani hiyo huwafanya waache mazoezi kabla hawajaonja utamu wake. Makala haya yananuia kubainisha kwamba kinachowachosha zaidi ni kasoro za ufundi, na kwamba kasoro hizo hurekebishika.

Neno lenyewe linadokeza jambo. Kitenzi 'ogelea' kimetokana na 'oga' kwa kunyambuliwa maradufu katika kauli ya kutendea, sawa na 'endelea' kutokana na 'enda'. Unyambuaji wa aina hii mara nyingi huongeza dhana ya kudumu katika tendo. Anayeoga huingia majini akatoka. Anayeogelea hudumu humo. Naye adumuye majini sharti azijue tabia za maji.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takribani mara 800. Fauka ya hayo, upinzani wake huongezeka upesi kuliko mwendo: anayeongeza kasi maradufu hukabiliwa na upinzani unaokaribia mara nne. Kwa hivyo, kutumia nguvu nyingi hakumfikishi mbali mtu ambaye mwili wake haujanyooka. Kifua huelea kwa sababu ya hewa iliyomo mapafuni, ilhali miguu huelekea kuzama. Muogeleaji anapoinua kichwa ili atazame mbele, nyonga na miguu hushuka, na mwili huwa kama mashua inayoburura nanga. Dawa yake ni kutazama sakafu ya kidimbwi, kulegeza shingo na kukiegemeza kifua majini hadi nyonga zikaribie uso wa maji.

Kasoro ya pili ni ya pumzi. Wanaoanza huizuia pumzi uso ukiwa majini, kisha hujaribu kutoa na kuvuta hewa kwa mkupuo mmoja kichwa kinapoibuka. Wakati huo haba hautoshi kwa kazi mbili. Isitoshe, hamu kali ya kupumua husababishwa hasa na kurundikana kwa kaboni dayoksaidi mwilini. Basi hewa na itolewe polepole majini, kwa pua na mdomo, ili uso ukigeuka pembeni ibaki kazi ya kuvuta tu. Kichwa hakiinuliwi, hugeuka pamoja na kiwiliwili, jicho moja likisalia majini.

Katika mtindo huru, mkono huingia majini mbele ya bega, ukanyooshwa, kisha kiganja na kigasha husukuma maji kuelekea nyuma huku kiwiko kikibaki juu. Anayeyasukuma maji kuelekea chini hujiinua badala ya kujisogeza. Miguu nayo hupigwa kwa wepesi kuanzia nyongani, si magotini. Katika masafa marefu kazi kubwa hufanywa na mikono. Mateke mazito huimaliza pumzi bure.

Maendeleo hupimwa kwa njia rahisi: muogeleaji huhesabu mapigo ya mikono katika mita 25, akajumlisha na sekunde alizotumia. Aliyepiga mapigo 24 kwa sekunde 30 hupata 54. Akifika kwa mapigo 20 katika muda uo huo, hupata 50. Ufundi umeimarika ijapokuwa kasi haijabadilika.

Kuhusu raha, uchovu wa akili hutokana na kwenda na kurudi bila lengo. Zoezi la mita 1,000 linaweza kugawanywa hivi: mita 200 za kupasha mwili moto, mita 200 za kurekebisha ufundi, kwa mfano kuogelea kwa mkono mmoja, mita 50 mara kumi, kila mara akipumzika sekunde 20, na mita 100 za kutuliza mwili. Katika kidimbwi cha mita 25, huo ni urefu mara 40, lakini kwa kuwa kila sehemu ina shabaha yake, hesabu hiyo haitishi. Hatimaye pumzi na mapigo huafikiana kama mizani ya shairi, na muogeleaji husahau kutazama saa.

Wakenya hawajakosa vielelezo. Jason Dunford alifika fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akamaliza wa tano. Mwaka 2010 alitwaa dhahabu ya mita 50 za mtindo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi.

Hata hivyo, thamani ya ujuzi huu hupita medali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Anayejua kulegeza shingo, kuelea na kutoa pumzi kwa utulivu ana silaha dhidi ya taharuki, ijapokuwa silaha hiyo haimpi idhini ya kuogelea peke yake wala ya kudharau mawimbi ya bahari na ziwa. Anayeanza na aanze kwa mita 25 zenye ufundi, apumzike, kisha azirudie. Masafa hujengwa kwa vipande vifupi vilivyoogelewa vyema.