Nani Huifungulia NGO Mlango wa Umoja wa Mataifa?

Kwenye mabango ya harambee na kurasa za Facebook za vyama vyetu huku ughaibuni, kuna maneno yanayojirudia: "Shirika letu limesajiliwa na Umoja wa Mataifa." Wengi wanaoyaandika hawana nia mbaya. Lakini Umoja wa Mataifa hausajili NGO ya mtu yeyote. Kusajili ni kazi ya nchi: Tanzania kuna Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Marekani unaanzia kwenye jimbo kisha IRS kwa ajili ya msamaha wa kodi, England na Wales kuna Charity Commission. Kinachotolewa New York ni kitu kingine kabisa. Kinaitwa hadhi ya ushauri mbele ya Baraza la Kiuchumi na Kijamii, ECOSOC. Na anayeitoa si Katibu Mkuu wala maofisa wake. Ni serikali za nchi wanachama.

Ukilishika hilo, mengine yote yataeleweka, hata yale yanayoonekana kama vituko.

Mwanzo wake ni Kifungu cha 71 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco mwezi Juni 1945. Kifungu hicho kinasema Baraza linaweza kuweka utaratibu wa kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali yanayohusika na mambo yake. Linaweza, halilazimiki. Tena ni Baraza hilo tu lililotajwa. Baraza la Usalama halimo, na Baraza Kuu halimo. Katika miaka ya mwanzo yaliyopewa hadhi hiyo yalikuwa mashirika 41, mengi yakiwa makubwa ya kimataifa. Kufikia 1992 yalizidi 700. Kisha likaja azimio 1996/31, la tarehe 25 Julai 1996, ambalo ndilo linalotumika hadi leo. Azimio hilo liliyafungulia mlango kwa upana mashirika ya ngazi ya taifa, si ya kimataifa pekee, na leo yenye hadhi yamepita 6,000. Ndiyo maana kikundi cha Bukoba au chama cha Waswahili wa Minneapolis kinaweza kuomba bila kuwa na matawi katika nchi kumi. Ila azimio lina sharti lake: shirika la kitaifa hukubaliwa baada ya serikali ya nchi yake kuulizwa maoni. Serikali imeshaingia mapema, kabla hata ya kikao kuanza.

Karatasi zenyewe si za kutisha. Shirika liwe limekuwepo walau miaka miwili. Liwe na katiba iliyopitishwa kidemokrasia, viongozi wanaowajibika kwa wanachama, na hesabu zinazosomeka. Maombi hujazwa mtandaoni, kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo katiba iliyoandikwa kwa Kiswahili itabidi itafsiriwe. Mwisho wa kupokea ni tarehe 1 Juni kwa maombi yatakayojadiliwa mwaka unaofuata. Hakuna ada. Ukipata barua pepe inayodai dola mia kadhaa za "kushughulikia faili lako la UN", huyo ni tapeli.

Panapowashinda wengi ni kwenye fedha. Azimio linataka sehemu kubwa ya mapato itoke kwa wanachama au matawi, na kama inatoka kwingine, shirika lieleze kwa nini na kutoka wapi. Fedha ya serikali yoyote, hata ikipitia mlango wa nyuma, lazima itajwe. Sasa fikiria vyama vyetu. Mhazini ana daftari na simu. Ndani ya simu kuna kundi la WhatsApp lenye orodha ya michango ya msiba wa mwaka juzi, majina mengine yana alama ya tiki, mengine yameandikwa "atatuma Ijumaa". Fedha imetumwa kwa programu ya Zelle kwenye akaunti ya mwenyekiti kwa sababu benki ilichelewa kufungua ya chama. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini ukiombwa taarifa ya mapato na matumizi inayoonyesha asilimia ngapi ilitoka kwa wanachama na ngapi kwa wafadhili, huna cha kuonyesha. Chama cha namna hiyo hakikataliwi na New York. Kinakwama nyumbani, kwenye meza ya mhazini, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Ukishatuma, faili linakwenda kwa Kamati ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Kamati hiyo ina nchi 19 zinazochaguliwa na ECOSOC kwa miaka minne minne: tano za Afrika, nne za Asia, nne za Amerika ya Kusini na Karibi, nne za Ulaya Magharibi na wenzao, mbili za Ulaya Mashariki. Burundi, kwa mfano, ilikuwamo kati ya 2019 na 2022. Hukutana mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Januari na Mei, na maamuzi mengi hupita bila kura. Mwanakamati yeyote anaweza kuuliza swali. Swali likishaulizwa, faili linasubiri jibu. Jibu lisipofika mapema, au likizaa swali jingine, maombi yanaahirishwa hadi kikao kijacho.

Ni kama posa ambayo mjomba mmoja hataki kusema hapana, ila kila mkija ana swali jipya. Swali linaweza kuwa la haki: hesabu zenu za mwaka jana ziko wapi, mradi wenu wa nchi fulani unaendeshwa na nani. Linaweza pia kuwa la siasa tupu. China ina kawaida ya kulitaka shirika lirekebishe tovuti yake kwa sababu imeitaja Taiwan bila kusema ni jimbo la China. Shirika la kuchimba visima linaweza kuahirishwa kwa sababu ya neno moja kwenye orodha ya wabia.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mtandao wa kimataifa wa kuwatetea Wadalit, International Dalit Solidarity Network, wenye makao Copenhagen. Hawa wanapinga ubaguzi wa matabaka, jambo ambalo India haipendi lijadiliwe Umoja wa Mataifa. Maombi yao yalikaa mezani takriban miaka 15, yakapokea maswali zaidi ya 100 ya maandishi, yote kutoka India. Walijibu moja baada ya jingine. Walipata hadhi Desemba 2022, tena si kwa hiari ya Kamati: ECOSOC yenyewe ilipiga kura na kuivuka.

Kuvukwa huko ni haki ya Baraza, kwa kuwa Kamati hupendekeza tu. Ilishatokea mwaka 2016 kwa Kamati ya Kulinda Wanahabari, CPJ, ya New York. Mwezi Mei nchi 10 ziliikataa, 6 zikaikubali, 3 hazikufungamana na upande wowote. Mwezi Julai ECOSOC ikageuza uamuzi kwa kura 40 dhidi ya 5. Lakini CPJ ina wanasheria, ina majina makubwa nyuma yake, na serikali zilizokuwa tayari kuipigania. Chama cha watu arobaini chenye katibu anayefanya kazi zamu ya usiku hakina hayo.

Ukifaulu unapata nini? Hupati fedha, hupati kura, na hupati ruhusa ya kubandika nembo ya Umoja wa Mataifa kwenye fulana. Unapata vitambulisho vya kuingia majengo ya New York, Geneva na Vienna, nafasi ya kuhudhuria Kamisheni ya Hali ya Wanawake kila mwaka, na haki ya kuomba kusema mbele ya Baraza la Haki za Binadamu. Wenye hadhi ya jumla huruhusiwa tamko la maneno 2,000 mbele ya ECOSOC. Wenye hadhi maalumu, ambao ndio wengi, maneno 500. Wengine huwekwa kwenye orodha tu na kuitwa inapohitajika. Kila baada ya miaka minne wenye hadhi ya jumla na hadhi maalumu hupeleka ripoti. Asiyepeleka husimamishwa mwaka mmoja, kisha hufutwa. Mengi hufutwa hivyo, kwa kusahau tu: katibu kahama, nenosiri kaondoka nalo.

Na kuna kazi ambazo hazihitaji hadhi yoyote. Nchi yako inapofanyiwa mapitio ya haki za binadamu Geneva, yale yanayoitwa UPR, kikundi chochote kinaweza kutuma taarifa yake. Ni kazi kubwa kuliko kupiga picha mbele ya bendera za First Avenue, New York, na sijui kwa nini vyama vyetu haviichangamkii.

Nyumbani kwetu Afrika kuna hadhi nyingine iliyowahi kuwa na meno zaidi: hadhi ya mwangalizi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul. Itifaki ya Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, inaruhusu NGO yenye hadhi hiyo kupeleka kesi moja kwa moja, mradi nchi inayoshtakiwa iwe imetoa tamko la kukubali. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010. Mwaka uliofuata Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walifungua kesi ya mgombea binafsi, naye Mchungaji Christopher Mtikila akafungua ya kwake. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama iliamua kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa kunavunja haki zake. Hakuna maneno 500 ya New York yaliyowahi kufika hapo.

Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha barua ya kuliondoa tamko, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango ukafungwa kwa kesi mpya za namna hiyo. Rwanda ilikuwa imeshatangulia. Kenya haikuwahi kulitoa. Hadhi ya Banjul ipo palepale, ila ufunguo wa Arusha unashikwa na serikali ileile unayotaka kuishtaki.

Kwa wale ambao bado mna hamu ya New York, kabla ya kujaza chochote angalieni vikao vya ile Kamati ya nchi 19. Mwaka 2017 ECOSOC iliamua virushwe mtandaoni. Chagueni cha Januari, msikilize mashirika yanayofanya kazi kama yenu yanaulizwa nini na nani, kisha mrudi kwa mhazini na maswali hayohayo.