Usianze na Skrubu

Baiskeli nyingi za gia zinazopita Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa hutumia gia moja tu. Zilishuka bandarini zikiwa mitumba, gia kumi na nane au ishirini na moja zote zikifanya kazi. Baada ya muda cheni ikaanza kurukaruka, mwenyewe akachoka kubishana nayo, fundi akaombwa aifunge kwenye sproketi ya katikati, basi. Hasara huonekana kwenye mlima. Chukua baiskeli ya inchi 26, ambayo gurudumu lake likizunguka mara moja hukata kama mita 2. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 42 na ya nyuma meno 14, pedali zikizunguka mara moja unasonga mita 6. Ukihamia sproketi ya nyuma yenye meno 28 unasonga mita 3, lakini mguu unasukuma kwa nusu ya nguvu ile. Kwa mtu anayetoka Makupa kupanda Changamwe na mzigo nyuma, au anayesambaza mikate kutoka Kongowea hadi Mishomoroni, hiyo nusu ndiyo magoti yake.

Gia hizo karibu zote zinaweza kuokolewa, mradi tuache mazoea ya kuzirukia na bisibisi. Gia ikikataa, kitu cha kwanza kuguswa huwa ni zile skrubu mbili ndogo za nyuma, na mara nyingi hazina kosa lolote. Zikishachezewa, tatizo moja limekuwa mawili.

Shifta iliyo usukanini huvuta waya. Waya huvuta direla, yaani ile mashine ndogo yenye vigurudumu viwili inayoning'inia chini ya sproketi za nyuma, na direla huisukuma cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine. Waya ukiachiwa, springi ndiyo inayoirudisha direla. Zamani mwendeshaji alisogeza shifta kwa kukisia, akisikiliza mpaka cheni itulie. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa mfumo wa hatua uliokuja kuenea dunia nzima: kila shifta inapolia mara moja, waya huvutwa kipimo maalumu na cheni hukaa juu ya sproketi yake. Ni kazi nzuri ya uhandisi, ila haisamehe. Kwenye baiskeli ya sproketi saba nyuma, kutoka sproketi hadi ya pili ni milimita 5, na shifta ya Shimano huupata umbali huo kwa kuvuta waya milimita 3 tu hivi. Waya ukikwama hata nusu milimita, cheni hubaki ikikwaruza katikati ya sproketi mbili.

Sasa zilete milimita hizo kwenye hewa yetu. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu hewani mpaka ikayeyuka yenyewe, unyevu huo ukifika asilimia 75 hivi, na hewa ya Mombasa hupita hapo mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Kwa hiyo baiskeli inayolala nje Mtongwe au Shelly Beach inaweza kuamka imelowa maji ya chumvi hata kama mvua haikunyesha. Pale feri ya Likoni ndiyo zaidi. Siku za bamvua watu husukuma baiskeli ndani ya maji yenyewe, na matone yanayorushwa na gurudumu la nyuma hutua kwenye kile kipande cha mwisho cha kava ya waya, kinachopinda nyuma na kuingia kwenye direla. Ugonjwa huanzia hapo. Chumvi huingia mdomoni mwa kava, waya hushika kutu ndani ambako jicho halifiki, na springi hushindwa kuurudisha.

Kuutambua ni rahisi. Cheni hupanda sproketi kubwa vizuri kwa sababu kidole chako kina nguvu za kulazimisha, lakini huchelewa kushukia ndogo, kwani kushuka ni kazi ya springi peke yake. Ukiona hivyo, skrubu ziache zilivyo. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, ipeleke cheni kwenye sproketi kubwa kabisa, kisha usimamishe pedali. Sasa bonyeza shifta mpaka gia ya sproketi ndogo huku pedali zimesimama. Waya wote utalegea, na kwenye fremu nyingi kava itachomoka yenyewe kwenye vishikio vyake. Isogeze kando uutazame waya. Ukiwa na uchafu tu, upanguse kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, kisha utie tone la oili nyepesi. Ukiwa na madoa mekundu ya kutu, au uzi mmoja uliokatika ukachomoza na kukudunga kidole, badilisha waya pamoja na kava yake. Ukiweza kupata waya usioshika kutu, ongeza hela ununue huo.

Hapa kuna kosa ambalo natamani mafundi wetu wote wa kando ya barabara waliache: kukata kava ya breki na kuiweka kwenye gia. Kwa nje zinafanana. Zikate uone ndani. Ya breki ina ukanda wa chuma uliozungushwa duara juu ya duara. Ya gia ina nyuzi nyingi zilizonyooka kufuata urefu wake. Ile ya duara hubonyea kidogo kila waya unapokazwa, na huko kubonyea kunazila zile milimita 3. Fundi anaweza kurekebisha gia kutwa nzima, na kava hiyo haitamtii. Kinyume chake ni hatari zaidi: kava ya gia ikiwekwa kwenye breki inaweza kupasuka siku unapofunga breki kwa nguvu. Hata mkato wenyewe una maana. Plaizi butu huponda mdomo wa kava, na waya hupita hapo ukikwaruzwa. Lainisha mkato kwa tupa, kisha uufungue mdomo kwa ncha ya msumari.

Waya ukiwa mzima na gia bado zinakataa, simama nyuma ya baiskeli uitazame direla. Vigurudumu vyake viwili viwe kwenye mstari mmoja wima, sambamba na sproketi. Kile cha chini kikiwa kimeingia upande wa spoki, basi sikio la chuma linaloishikilia direla kwenye fremu limepinda. Baiskeli za mitumba husafiri zimebanana kwenye kontena, na zikifika hapa hulazwa upande wa kulia juu ya mkokoteni au kwenye buti ya matatu, kwa hiyo sikio hilo kupinda si ajabu. La chuma cha kawaida hunyoshwa polepole. La alumini linyoshwe mara moja tu, na kwa hadhari, likirudiwa hupasuka.

Cheni nayo ipimwe. Chukua futi ya seremala, weka mwanzo wake katikati ya pini moja, uhesabu inchi 12. Cheni mpya itakuwa na pini nyingine hapo hapo kwenye alama ya 12. Pini hiyo ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni nyingine sasa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, sproketi nazo zimeshaliwa, na cheni mpya itazirukia ukikanyaga kwa nguvu.

Ni baada ya hayo ndipo skrubu zina maana. Kwa kawaida zina herufi H na L. Ya H huizuia direla isivuke sproketi ndogo, ya L huizuia isiisukume cheni kwenye spoki. Hii ya L iheshimu, maana cheni ikiingia kwenye spoki gurudumu hukwama papo hapo. Kati ya mipaka hiyo, kazi iliyobaki ni ya ile nati ndogo ya kuzungusha kwa vidole, pale waya unapoingia kwenye direla. Cheni ikisita kupanda sproketi kubwa zaidi, zungusha nati kinyume cha saa, nusu mzunguko, ujaribu tena. Ikisita kushuka, na umeshahakikisha waya hauna kutu, zungusha upande wa pili.

Shifta ya hatua ikifa kabisa, usikimbilie kufunga gia. Tafuta shifta ya zamani isiyo na hatua, ile unayoisogeza mwenyewe kwa kukisia. Kwa anayebeba mizigo karibu na bahari, mimi naipendelea kuliko ile ya kisasa: waya ukichoka kidogo, unasogeza kidole kidogo zaidi na gia inakaa.

Ukitoka feri au ufukweni, mwagia direla, cheni na mdomo wa kava maji matamu. Nasisitiza matamu, kwa sababu visima vingi vya Likoni na Kisauni ni vya maji ya chumvi, na kuoshea baiskeli hayo ni kuirudishia kile ulichotaka kukitoa. Usimwage kwa nguvu. Kausha kwa kitambaa, tia oili nyepesi ndani ya maungio ya cheni, kisha upanguse yote iliyobaki nje. Oili chafu ya injini haifai: hukamata mchanga wa Likoni na vumbi la malori ya Magongo, na mchanganyiko huo husaga cheni kama msasa.

Wakati wa kuendesha, kumbuka kwamba direla huhamisha cheni inayotembea tu, na huumia ikihamishwa huku mguu umeegemea pedali kwa uzito wote. Ingia gia nyepesi kabla mlima haujaanza, punguza nguvu ya mguu kwa mzunguko mmoja, ndipo ubonyeze. Anayevuka Likoni aiingie kabla hajateremka kwenye baiskeli kusubiri feri, kwa sababu akishasimama shifta itavuta waya na cheni haitahama.